Usiifute Nukta Iliyokaa Peke Yake

Wanangu wa Chang'ombe, hapa Dodoma, sogeeni kivulini, madaftari yarudisheni kwenye mikoba, maana leo tunaandika chini, kwenye udongo. Kila mmoja aokote kokoto kumi na mbili. Nataka tusome pamoja aina moja ya mchoro ambao mara nyingi hupitiwa haraka darasani, na mimi naupenda kuliko michoro yote ya hesabu: mchoro wa mtawanyiko. Hauna nguzo wala vipande vya duara. Una nukta tu, na kila nukta ni kitu kimoja halisi, iwe mji, mtoto au kikombe cha maji, kilichopimwa kwa vipimo viwili tofauti.

Tuanze na jambo mnalolijua kwa ngozi zenu. Mwezi wa saba, asubuhi, mnakwenda shule mmevaa sweta na upepo unawapiga usoni. Binamu zenu wakija kutoka Dar es Salaam wanatetemeka siku nzima. Kwa nini? Jua ni lilelile. Tena ukitazama ramani, Dodoma iko karibu zaidi na ikweta kuliko Dar es Salaam, ingawa kwa kidogo tu. Kwa ikweta peke yake, sisi ndio tungekuwa na joto zaidi.

Jibu analipanda kila abiria wa treni ya SGR bila kujua. Tangu mwaka 2024 treni hiyo inatoka Dar es Salaam, inapita Morogoro, inafika Dodoma, na kwa jumla njia inapanda. Dar es Salaam iko ufukweni. Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Basi tuuchore mwinuko huo.

Chora mstari mrefu chini, kutoka kushoto kwenda kulia. Huo ni mhimili mlalo, na juu yake tutapima kimo cha mji: kila shibiri moja ni mita 200. Mwanzoni mwake, kushoto, chora mstari mwingine unaokwenda juu. Huo ni mhimili wima, wa wastani wa joto la mwaka. Pale chini mistari inapokutana andika 16, kisha kila upana wa kiganja ni nyuzi moja ya Selsiasi.

Sasa weka Dodoma. Kwenye mstari mlalo tembeza mkono shibiri tano na nusu na kidogo. Usiache kokoto hapo. Panda juu viganja saba, ufike nyuzi 23. Hapo ndipo nyumbani. Dar es Salaam ni rahisi: imeganda kwenye mhimili wima, viganja kumi juu, kwa kuwa joto lake ni kama nyuzi 26. Tanga, Zanzibar na Mtwara zirundike hapohapo jirani. Morogoro, mita 500 hivi, karibu nyuzi 25. Tabora, mita 1,200, karibu nyuzi 23. Mwanza iko mita 1,140 na Bukoba hivyohivyo, maana zote mbili ziko ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Mwanza ipe nyuzi 23, Bukoba 21. Arusha iko karibu mita 1,400 na Iringa imezidi 1,500; zote zipe nyuzi 20 hivi. Mbeya ndiyo ya mwisho, mita 1,700, na joto lake halizidi sana nyuzi 18.

Simameni. Rudini nyuma hatua tatu mtazame. Msitazame kokoto moja moja bado. Tazameni zote kwa pamoja, mseme zinaelekea wapi.

Zinashuka. Kadiri jicho linavyokwenda kulia, ndivyo kokoto zinavyoteremka. Huo ndio uhusiano, na kwa kuwa kimoja kinapanda na kingine kinashuka, tunauita uhusiano hasi. Hasi hapa haina maana ya ubaya; ni mwelekeo tu. Na kwa kuwa kokoto hazikukaa ovyo, zinaufuata mteremko kwa karibu, tunasema uhusiano huu ni wa nguvu. Ukinyoosha uzi katikati yake utaona kwamba kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto linapungua kama nyuzi 4 hadi 5 hivi.

Lakini uzi haugusi kila kokoto. Dodoma imekaa juu yake kidogo, maana yake tuna joto kuliko kimo chetu kinavyotabiri. Tuko kwenye uwanda mpana, mkavu, wenye jua kali na mawingu machache sehemu kubwa ya mwaka. Bukoba, yenye kimo kama chetu, iko chini ya Dodoma kwa nyuzi mbili, kwa sababu ya mawingu, mvua na ziwa. Hizo tofauti ndogo kati ya kokoto na uzi zina habari zake, na mtu anayetazama uzi peke yake anazikosa.

Sasa nani ana miguu mepesi? Chukua kokoto ya kumi na tatu, ukaniwekee kilele cha Kilimanjaro. Mita 5,895. Anza kuhesabu shibiri kulia: utapita Mbeya, utatoka kivulini, utafika karibu shibiri thelathini. Na joto la pale kileleni, wastani wake wa mwaka ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Mstari wetu wa chini unaanzia 16, kwa hiyo itabidi ushuke viganja 23 chini ya mstari, ukachimbe pale njiani watu wanapopita.

Kokoto hiyo iko mbali na nyingine zote. Je, ni mkaidi? Wengi watasema ndiyo, na hapa nawaomba mtulie. Rudisheni ule uzi, uvuteni moja kwa moja kuelekea kule. Unashuka kuelekea kulekule iliko Kilimanjaro, ingawa unapita viganja kadhaa juu yake! Kilele kiko mbali na wenzake, lakini kinatii sheria ileile wanayoitii Arusha na Mbeya. Kumbe nukta inaweza kujitenga kwa namna mbili. Iko inayokaa mbali huku ikifuata mwelekeo, na iko inayouvunja mwelekeo wenyewe hata kama iko katikati ya wenzake. Msizichanganye. Ya pili tutaikuta baadaye, na ndiyo iliyonifanya niwaite.

Tazameni tena upande wa kushoto. Kokoto nne zimebanana ukutani: Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar, Mtwara. Hilo ni kundi. Karibu na katikati kuna kundi la pili: Dodoma, Tabora, Mwanza, Bukoba. Kati ya makundi hayo kuna nafasi pana yenye Morogoro peke yake. Mtu mwenye haraka atatangaza kwamba Tanzania ina miji ya aina mbili, ya pwani na ya uwanda wa juu, na katikati hakuna kitu. Haya, ongezeni Moshi na Kigoma, mita 800 na kidogo kila mmoja, nyuzi 24 hivi. Pengo linaanza kuzibika. Pengo lile nililitengeneza mimi kwa miji niliyoichagua. Kundi la pwani lina sababu ya kweli, watu walijenga bandari kwenye usawa wa bahari, lakini uwazi wa pale kati ulikuwa ni mkono wa mchoraji. Kila mnapoona makundi, ulizeni kwanza nani alichagua nukta, na zipi ziliachwa nje.

Kuna mtego mwingine ambao hata watu wazima wenye shahada hunaswa nao. Tufute kimo kwenye mstari mlalo, tuweke idadi ya minazi iliyoko mjini. Miji ya pwani ina minazi tele na ina joto. Dodoma, Iringa na Mbeya minazi ni ya kutafuta kwa tochi, na ni baridi zaidi. Kokoto zitapanda vizuri kuelekea kulia, uhusiano chanya, wenye nguvu. Je, tukipanda minazi elfu hapa Chang'ombe, joto litaongezeka? Mnacheka, na mna haki ya kucheka. Mnazi unapenda joto na unyevunyevu, na vyote viwili viko kule chini karibu na bahari. Kimo cha nchi ndicho kilichojificha nyuma ya pazia kikivuta kamba mbili kwa pamoja. Mchoro unaonyesha kwamba vitu viwili vinakwenda pamoja. Nani anamvuta mwenzake, au kama wote wanavutwa na wa tatu, hilo mchoro hausemi. Linatafutwa nje ya mchoro, kwa kuuliza na kwa kupima.

Turudishe kimo chini, ila juu tubadilishe: badala ya joto tuweke mvua. Kila kiganja kiwe milimita 100 za mvua kwa mwaka. Chukueni miji mitatu tu yenye kimo kinacholingana: Dodoma, Mwanza, Bukoba. Kwenye mstari mlalo zote zinasimama karibu mahali pamoja. Sasa zipandisheni. Dodoma haifiki viganja sita. Mwanza inapita kumi. Bukoba inapanda, inapanda, hadi viganja ishirini, milimita 2,000 hivi, zaidi ya mara tatu ya mvua yetu! Kokoto tatu zimesimama kama ngazi, moja juu ya nyingine. Kimo hakikutusaidia kitu. Ukiongeza Iringa na Singida, zilizoko juu kuliko sisi, utakuta zinashuka kuja kukaa karibu na Dodoma, kwenye kundi la nchi kavu ya kati. Zanzibar, iliyo chini kabisa kwa kimo, inapanda hadi milimita 1,600 hivi.

Kwa hiyo mvua na kimo havina uhusiano? Kwa miji hii, kimo peke yake hakitabiri mvua. Lakini kila kokoto ina sababu yake. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unapokuja huku unakutana na milima ya Uluguru, Nguru na Ukaguru. Unalazimika kupanda, unapoa, unaangusha mvua yake upande ule wa mashariki, na ukivuka kuja kwetu umeshakauka. Bukoba iko ukingo wa magharibi wa Ziwa Viktoria, na pepo zinazovuka ziwa hilo kubwa zinafika kwake zimebeba maji. Utawanyiko usio na mwelekeo haukusudii kukuambia "hakuna kitu hapa". Mara nyingi unakuambia umepima kitu kisicho sahihi, nenda katafute kingine. Hapa tungepima umbali kutoka kwenye maji na upande wa mlima, tungeona mengi zaidi.

Na hiyo kokoto ya mvua ya Dodoma nayo, tuipasue tuone ndani. Ni wastani wa miaka mingi. Ndani yake kuna mwaka mvua ilianza Desemba ikaendelea vizuri hadi Aprili, na kuna mwaka ilinyesha mara tatu kwa fujo ikaondoka, uwele ukakauka ukiwa magotini. Bibi zenu wanaijua hiyo tofauti, ndiyo maana wanapanda uwele na mtama vinavyovumilia ukame, na hawaweki mbegu yote shamba moja. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Kongwa, mashariki mwa hapa, ilikuwa kitovu chake. Walileta matrekta mengi na wataalamu kutoka mbali. Mvua haikuja walivyoitarajia, udongo mwekundu ulikauka ukawa mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya mashine, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kutumia mamilioni ya pauni. Mkulima wa Kigogo aliyeishi pale alikuwa na nukta za miaka mingi kichwani mwake, na hazikupewa uzito.

Sasa tujipime wenyewe, haraka. Mstari mlalo uwe urefu wa unyayo, mstari wima uwe urefu wa mtu. Nukta zitapanda kulia, karibu kila mara. Uhusiano huo una kazi kubwa. Laetoli, kule Ngorongoro, timu ya mtafiti Mary Leakey ilikuta mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea wima miaka kama milioni 3.6 iliyopita. Mwaka 2016 watafiti, akiwamo Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitangaza nyayo nyingine za Laetoli, na kutokana na urefu wa nyayo hizo wakakadiria kwamba mmoja wao alikuwa na urefu wa sentimita 165 hivi, mrefu kuliko wote waliojulikana pale. Hakuna aliyemwona. Unyayo tu, na uhusiano wa unyayo na urefu. Na swali zuri la kumuuliza mtafiti ni hili: huo uhusiano uliupata kwa viumbe gani, na una hakika gani kwamba wale wa kale nao waliufuata?

Basi nimefika kwenye nukta niliyowaahidi.

Mwaka 1963, Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakasubiri yapoe, ndipo wakayaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ndani ya friji ilikuwa ya kugombania. Mwanafunzi mmoja, Erasto Mpemba, akaona akisubiri atakosa, akayaingiza maziwa yake yakiwa ya moto. Mwenzake akaweka ya kwake bila hata kuyachemsha. Baada ya saa moja na nusu hivi wakafungua. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake bado ni uji mzito.

Aliuliza kwa nini, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Hakuacha. Akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mhadhiri wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne. Mpemba akasimama mbele ya wanafunzi wenzake akauliza swali lilelile. Wenzake wakamcheka. Osborne hakulitupa swali. Aliporudi Dar es Salaam aliagiza lipimwe, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakaandika makala pamoja katika jarida la fizikia.

Katika makala hiyo mna mchoro, na sasa mnaweza kuusoma. Mstari mlalo ni joto la maji wakati yanaingizwa kwenye friji. Mstari wima ni dakika zilizopita hadi yaanze kuganda. Ungetarajia nukta zipande tu kwenda kulia: ya moto zaidi, dakika zaidi. Za kwanza zinafanya hivyo. Zinapanda hadi nyuzi 25 hivi, ambapo maji yalichukua kama dakika 100. Kisha zinageuka. Zinateremka, zinateremka, hadi maji ya nyuzi 90 yanaganda kwa dakika kama 30 tu. Mchoro wenye mgongo! Mngevuta uzi ulionyooka katikati ya nukta hizo, mngeambiwa uongo, maana huo ni uhusiano usionyooka.

Miaka ikapita, wengine wakapima pia. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walikusanya vipimo vya watu mbalimbali wakaviweka kwenye mchoro mmoja. Wakachora mpaka: upande huu, maji ya moto hayakuwahi kuyatangulia ya baridi, upande ule, yaliyatangulia. Nukta karibu zote zikakaa upande huu. Za Mpemba na Osborne zikasimama waziwazi upande ule.

Hizo ndizo nukta za aina ya pili, zinazouvunja mwelekeo. Ungezifanyaje? Kuzifuta ni rahisi, mchoro unabaki safi. Kusema zenyewe ndizo sahihi na wengine wote wamekosea nako ni rahisi. Burridge na Linden walifanya lililo gumu: walirudi kwenye vikombe vya maji. Wakakuta kwamba ukipandisha kipimajoto sentimita moja tu ndani ya kikombe kilekile, unaweza kupata jibu tofauti, kwa kuwa maji ya juu na ya chini hayapoi sawasawa. Wao walihitimisha kwamba hawajaona ushahidi wa kutosha kwa maji ya kawaida. Lakini mwaka 2020 huko Kanada, Avinash Kumar na John Bechhoefer walitumia punje moja ndogo mno ya kioo ndani ya maji, na kwa majaribio waliyoyarudia mara nyingi wakaonyesha kwamba kitu cha moto kinaweza kweli kukipita cha vuguvugu katika kupoa, hali zikiwa sawa. Jambo hilo dunia nzima wanaliita kwa jina la mwanafunzi yule wa Magamba.

Maji ya kikombe bado wanabishania. Kwa hiyo kazi ipo. Tafuteni nyumba au duka lenye friji ya kugandisha, mwombeni mwenyewe kwa adabu. Vikombe viwili vinavyofanana, maji ya bomba lilelile, kiasi kilekile, kimoja cha moto kimoja cha baridi. Jiko na maji ya moto mwachieni mtu mzima. Viwekeni mahali palepale ndani ya friji kila mara. Andikeni joto la kuanzia na dakika. Rudieni siku nyingine, na nyingine tena, na nukta itakayokuja tofauti na wenzake iandikeni pembeni mambo yake yote: nani alifungua mlango wa friji, umeme ulikatika saa ngapi, kikombe kilikaa juu ya barafu au juu ya chuma kitupu.